Alama Katika Sauti: Niliyojifunza kwa Kujisikiliza Darasani

Mwaka 1986, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, chuo chetu kilikuwa na mashine moja tu ya kunasia sauti, ya zile za magurudumu mawili, ambayo ilifungiwa kabatini na ufunguo wake kukaa mfukoni mwa mkufunzi wetu wa mbinu za kufundishia. Siku alipoitoa, alitunasa mmoja baada ya mwingine tukifundishana somo la dakika tano. Kisha akaurudisha utepe nyuma kwa mkono, taratibu, huku akisikiliza, na kila alipofika mahali alipotaka kutuonyesha jambo aliweka alama kwa kalamu ya nta nyeupe kwenye mgongo wa utepe. Kwa mwendo wa mashine ile, sekunde moja ya sauti ilikuwa sawa na sentimeta 19 za utepe. Alipomaliza kutia alama mbili katika somo langu, aliniita mbele, akachukua kipande cha chaki na kukilaza kati ya alama hizo.

"Hapa umeuliza swali," akasema, "na hapa umelijibu mwenyewe. Subira yako, bwana mwalimu, haifikii urefu wa chaki."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilidhani ni mzaha wa siku ile. Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kutambua kwamba lile lilikuwa ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopewa chuoni, na kwamba nilitoka pale bila kulichukua. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza walimu wenzangu jinsi somo hilo lilivyonirudia nikiwa Ibaba, kwa njia ya alama nyingine, zisizotiwa kwa kalamu ya nta bali kwa kitufe cha kompyuta.

Ibaba ni kata iliyo katika milima ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya baridi, ya ukungu wa asubuhi, na ya wakulima. Watoto wengi huja shuleni wakiwa na lugha ya mama midomoni, na Kiswahili huwa lugha yao ya pili. Mwalimu anayefundisha huku hujua kwamba mtoto anapoulizwa swali kwa Kiswahili huwa na safari mbili za kufanya: kwanza kulitafuta jibu, pili kulitafutia neno. Nami nilijua hivyo. Niliandika hivyo hata katika maandalio yangu ya masomo. Lakini kulijua jambo na kulitenda ni vitu viwili.

Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha Darasa la Nne. Katika darasa hilo alikuwapo mvulana mmoja, ambaye sitamtaja jina, aliyekaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Katika daftari langu la tathmini, mbele ya namba yake, nilikuwa nimeandika mara kwa mara neno moja: "hajibu." Si kwamba alikuwa mtundu. Alisimama vizuri alipoitwa, akanitazama, akanyamaza. Nami nikampa mwingine nafasi. Ilipofika katikati ya mwaka nilimwita mama yake nikamweleza kwamba, kwa maoni yangu, ingefaa mtoto arudie darasa.

"Mwalimu," mama yule akaniambia kwa upole, "huyu nyumbani huongea mpaka tunamnyamazisha."

Nilimjibu kwamba nyumbani ni nyumbani na shuleni ni shuleni. Hakubishana nami. Alinishukuru, akaenda zake. Maneno yake yalibaki yakinisumbua, lakini nisingesema kwamba niliyaamini.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kutumia programu ya kompyuta ya kuhariri sauti iitwayo Audacity. Kijana mmoja wa ukoo wetu ndiye aliyeniwekea katika kompyuta yangu ndogo, kwa sababu nilitaka kutayarisha masimulizi ya kuwasomea watoto. Programu hiyo haina malipo. Ilianza kutengenezwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Anayeifungua huona sauti ikiwa imechorwa kama safu ya milima: palipo na kelele pana kilele, palipo na ukimya pana mstari mnyoofu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya utepe niliuona ukimya kwa macho.

Lililonivutia zaidi lilikuwa lebo. Chini ya mkondo wa sauti, programu huweka mkondo wa pili usio na sauti yoyote, ambao kazi yake ni kubeba alama. Sauti inapocheza, ukibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi M, alama husimama mahali pale pale sauti ilipofika, nawe unaweza kuiandikia neno. Ukitaka alama ishike kipande kizima, si nukta moja, unakichagua kipande hicho kwa kipanya, kisha unabonyeza Ctrl na herufi B. Alama hizo haziigusi sauti yenyewe, wala haziikati. Aidha, zinaweza kutolewa zote pamoja kama orodha ya maandishi yenye safu tatu: wakati alama ilipoanza, wakati ilipokwisha, na neno uliloliandika. Wakati huo huhesabiwa kwa sekunde na sehemu za sekunde. Kwa hiyo, mwenye alama mbili anaweza kuzitoa kama hesabu za kawaida na kujua urefu wa kilichomo kati yake.

Nikakumbuka kipande cha chaki.

Baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, na baada ya kuwaeleza wazazi kusudi langu, niliiweka simu yangu juu ya meza, nikanasa kipindi kizima cha dakika 40 cha Maarifa ya Jamii. Ilinibidi kungoja siku isiyo na mvua, maana chini ya bati mvua ya Ileje haiachi sauti nyingine isikike. Jioni, nyumbani, niliihamishia sauti hiyo kwenye kompyuta na kuanza kazi. Nilijiwekea utaratibu mwepesi: kila nilipomaliza kuuliza swali, niliweka alama ya S, kila mtoto alipoanza kujibu, niliweka alama ya J, na kila nilipoingilia mimi mwenyewe kabla mtoto hajasema, niliweka alama ya M.

Hapana budi niungame kosa nililolifanya, kwa kuwa mwalimu mwingine atalifanya vilevile. Usiku wa kwanza niliziweka alama zote za S. Kisha, kwa kupenda usafi, nikakata sekunde tatu za mwanzo zilizokuwa na mlio wa madawati, nikaenda kulala. Usiku wa pili nikaweka alama za J. Nilipotoa hesabu, nikakuta kwamba watoto wangu walikuwa wakijibu maswali sekunde mbili kabla sijayauliza. Kwa kitambo kidogo nilijiona nimepewa darasa la manabii. Ukweli ni kwamba sauti ilisogea nilipoikata, lakini alama za usiku wa kwanza zilibaki zilipokuwa, kama vigingi vya shamba ambalo udongo wake umehama. Programu ina njia ya kuifungamanisha mikondo ili inapokatwa isogee pamoja, nami sikuwa nimeitumia. Tangu hapo nilishika kanuni mbili: kwanza, sauti ya asili isiguswe kamwe, ihifadhiwe nakala yake, pili, kama ni lazima kukata, ukataji utangulie na alama zifuate.

Jambo jingine la kuangalia ni mkono wenyewe. Mtu anaposikia sauti na kubonyeza kitufe, mkono huchelewa kidogo, kama sehemu ya tano ya sekunde hivi. Katika mambo mengi kuchelewa huko si kitu. Lakini anayepima ukimya wa nusu sekunde atakuwa ameipotosha hesabu yake. Kwa hiyo, baada ya kuweka alama kwa kusikiliza, yafaa kuikuza picha ya sauti, kuitazama milima ile inapoanzia na inapokomea, na kuisogeza kila alama mpaka ikae mahali pake.

Nikairudia kazi yote upya kwa utaratibu huo. Ikanichukua jioni tatu.

Matokeo yake hayakunifurahisha. Katika kipindi kile kimoja nilikuwa nimeuliza maswali 46. Kwa wastani, kati ya mwisho wa swali langu na sauti iliyofuata, iwe ya mtoto ama yangu mwenyewe, hapakupita hata sekunde moja kamili. Alama za M zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani: nilikuwa nikiuliza, nikirudia swali, nikilivunja swali, nikidokeza jibu, na mara nyingine nikilijibu kabisa. Nilikuwa nimejiona kuwa mwalimu mshirikishi, na kipindi chote mshiriki mkuu nilikuwa mimi.

Ndipo nikaitafuta sauti ya yule mvulana. Nilikuwa nimemwita mara tatu katika kipindi kile. Mara ya kwanza na ya pili ukimya niliompa haukutimia sekunde moja. Mara ya tatu nilikuwa nimemwuliza ni mto gani unaotutenganisha na nchi ya Malawi. Nilipoikuza picha ya sauti, nikaona mahali ambapo mstari wa ukimya ulikuwa na kijilima kidogo sana, mara tu kabla ya kilele kikubwa cha sauti yangu nikisema, "Haya, mwingine!" Nilikichagua kijilima hicho, nikaongeza nguvu ya sauti, nikasikiliza. Nikarudia. Nikarudia tena.

Mtoto alikuwa amesema, "So..."

Alikuwa ameianza silabi ya kwanza ya jina la Mto Songwe, nami nikamfunika. Nikaweka alama mahali pale. Nilitafuta neno la kuiandikia, nikashindwa, nikaiacha bila neno. Halafu nikafungua daftari la tathmini, nikatazama lile neno "hajibu" lililojipanga ukurasa mzima kwa mwandiko wangu mzuri, nikafahamu kwamba nilichokiandika miezi yote ile hakikuwa habari ya mtoto. Kilikuwa habari yangu.

Baadaye nilipata kujua kwamba jambo hili lilikwisha kuchunguzwa zamani. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza sauti nyingi zilizonaswa madarasani na kutoa matokeo yake katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitolea kujibu, na wale waliokuwa wakinyamaza walipungua. Aligundua pia kwamba watoto wanaodhaniwa kuwa wazito ndio hupewa muda mfupi zaidi kuliko wale wanaodhaniwa kuwa hodari. Yaani anayehitaji kingi hupewa kidogo, halafu hulaumiwa kwa kupungukiwa.

Inashangaza kwamba watu wa redio waliuelewa ukimya mapema kuliko wengi wetu tulio mbele ya watoto. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, jirani zetu wa Kenya walipotengeneza masomo ya Kiingereza ya redio kwa shule za msingi, waliacha katika kila somo mapengo ya ukimya yaliyopimwa, ili watoto walioko vijijini wapate nafasi ya kumjibu mtangazaji asiyewaona. Chombo kisicho na macho kiliwangoja watoto. Mimi mwenye macho mawili sikuwangoja.

Nilipoingia darasani wiki iliyofuata nilikuwa nimejiwekea sharti moja: baada ya kila swali nitahesabu moyoni mpaka nne kabla ya kufungua kinywa. Walimu wenzangu, msidhani ni jambo jepesi. Sekunde nne mbele ya darasa ni ndefu kama mlima. Watoto hodari hunyoosha mikono na kupiga vidole, mguu wa mwalimu huanza kucheza, ulimi humwasha. Siku ya kwanza nilishindwa mara nyingi kuliko nilivyofaulu, na nilijua hivyo kwa sababu niliendelea kunasa na kutia alama.

Siku ya tatu nilimwita yule mvulana. Nikamwuliza tena swali lile la mto. Akasimama, akanitazama, akanyamaza kama kawaida yake. Nikaiambia mikono ya wenzake ishuke. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika nne alikuwa bado kimya, nikaanza upya.

"Ni Mto Songwe, mwalimu," akasema. "Unapita kule chini Isongole."

Sikumpigisha makofi, kwa maana niliona kwamba makofi yangemfanya kuwa kioja. Nilimwambia tu, "Ndivyo," nikangoja tena kidogo. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba baba yake humpeleka huko siku za gulio. Ilikuwa mara ya kwanza katika darasa langu kusema sentensi mbili mfululizo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba kuanzia siku ile mtoto alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwa. Lakini ushauri wangu wa kumrudisha darasa niliuondoa, nikamwita mama yake nikamwambia kwamba yeye alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimekosea. Alitabasamu, akanijibu kwamba hata yeye humkatiza.

Wapo wenzangu waliosema kwamba muda hautoshi, silabasi ni ndefu na watoto ni wengi. Hoja hiyo ni ya haki, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Kama nilikuwa nikingoja sekunde moja katika maswali 46, na sasa nikangoja sekunde nne, nimeongeza sekunde tatu kwa kila swali, yaani sekunde 138, ambazo ni dakika mbili na sekunde 18 katika kipindi cha dakika 40. Tena, anayengoja hana haja ya kuuliza maswali mengi kiasi hicho, kwa kuwa mengi yao huzaliwa na papara ya mwalimu mwenyewe.

Kwa mwalimu atakayependa kujaribu, ushauri wangu ni huu. Anasa kipindi kimoja tu, si vyote, maana kazi ya kutia alama ni ndefu kuliko kipindi chenyewe. Ajue kwamba dakika 40 za sauti ya mkondo mmoja, zikihifadhiwa bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 212. Basi ajiandalie nafasi. Achague alama chache, tatu au nne, za herufi moja moja, kwa sababu mwenye alama kumi atajisahau katikati ya njia. Ajiulize swali moja kwa kila usikilizaji: leo ukimya, siku nyingine ni watoto gani wanaoitwa na ni gani wasioitwa, siku nyingine matamshi ya r na l. Awe na ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na amalizapo kazi azifute sauti za watoto, kwa kuwa si mali yake. Na asiye na kompyuta asikate tamaa: simu ya kunasa na saa ya mkononi vinatosha kuanzia, ama mwalimu mwenzake akae nyuma ya darasa na kuhesabu kimyakimya.

Jambo moja nalisisitiza. Alama hizi zisigeuzwe kuwa fimbo ya mkaguzi wala ya mwalimu mkuu. Mwalimu anayejua kwamba sauti yake itatumiwa kumhukumu ataigiza, na alama zitapima maigizo. Zina faida pale tu mtu anapojisikiliza mwenyewe, usiku, mlango umefungwa. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Lakini huenda akalisikia, akikubali kutega sikio.

Kalamu ile ya nta na mashine yake ya magurudumu sijui viliishia wapi. Faili langu la Darasa la Nne nililifuta, kama nilivyowaahidi wazazi. Nilibakiza orodha ya alama peke yake, isiyo na sauti ya mtoto yeyote: safu tatu za tarakimu na herufi. Kati yake uko mstari mmoja wenye wakati tu, usio na neno, nami nikiutazama hukumbuka kungoja.